Simyuleta yangu ya programu ya setilaiti yala saa 80 kumaliza siku moja, nifanyeje?

BintiKisauni
Assalaam aleikum wakuu, na wengine hamjambo. Nna jambo limenikwama wiki ya tatu sasa na sina wa karibu wa kumuuliza, nikaona nililete hapa.

Mie nafanya uzamili hapa Mombasa. Kazi yangu ni kuharakisha simyuleta, yaani programu inayoiga kompyuta ya setilaiti, ili nijaribu ile programu inayokaa ndani ya setilaiti, ile inayoiendesha yenyewe huko juu, inasoma sensa, inageuza mwili uelekee jua, inatuma taarifa chini. Programu iko juu ya RTEMS, mfumo endeshi wa kazi zinazojali muda, na prosesa ni LEON3, ile ya ukoo wa SPARC V8 ambayo ESA, shirika la anga la Ulaya, wanaitumia sana. Bodi yenyewe hatuna, kwa hivyo nikaandika simyuleta kwa C. Inachukua amri moja, inaitambua, inaitekeleza, inakwenda ya pili. Pembeni kuna programu nyingine yenye modeli za mwendo, jua, sumaku ya dunia na betri, zinaongea kwa soketi. Majibu ni sahihi, hilo nashukuru Mungu.

Tatizo ni mwendo. Siku moja ya setilaiti, ambayo ni kama kuizunguka dunia mara 15, yanichukua saa 80. Jumapili nilikuwa nshafika saa ya 61, stima zikapotea mtaa mzima na betri ya laptopu yangu haikai hata nusu saa, ikabidi nianze upya. Nililia wallahi. Na msimamizi ataka majaribio ya siku saba mfululizo kabla ya mwisho wa mwezi ujao, ukipiga hesabu hizo ni siku 23 mashine isizimwe.

Nimewaza mambo mawili. Ninunue kompyuta kubwa kwa mkopo wa chama cha mamangu, ama nitupe nilichoandika nihamie QEMU, simyuleta ya bure iliyoandikwa na wengine, maanake nasikia ina kasi sana. Nishaurini kama dadenu.

MkokoteniWaMajengo
Pole sana dadangu. Kabla ya kasi, hifadhi hali ya simyuleta kila baada ya saa moja: rejista zote (vile vihifadhi vidogo ndani ya prosesa), kumbukumbu yote, foleni ya matukio yanayongojea, na hali ya modeli zako pia, watu wengi husahau hiyo ya mwisho halafu wakiamsha setilaiti iko upande mmoja wa dunia na jua liko upande mwingine. Stima zikienda utapoteza saa moja tu. Hiyo ifanye leo hii.

Nahodha_Nyali
Mkopo usichukue kwanza. Kompyuta mpya labda itakupa mara mbili, na mamako atalipa mwaka mzima.

Umepima? Sisemi muda wote kwa jumla, nasema umeona hizo saa 80 zinaliwa na nani? Weka perf, kile kipimio cha Linux, kwenye simyuleta kwa nusu saa uangalie ni wapi inashinda, na upande wa programu ya setilaiti hesabu ni anwani zipi zinatekelezwa mara nyingi. Nina dhana yangu lakini siisemi mpaka ulete namba, manake nshawahi kukaa miezi miwili nikiharakisha kitu ambacho hakikuwa tatizo.

KijanaTudor
Mbona mwajitesa? Kwani lazima uigize prosesa? Chukua programu ya setilaiti uikusanye (compile) moja kwa moja kwa ajili ya laptopu yako, iende kwa Linux kama programu nyingine yoyote, modeli zibaki vile vile. NASA wenyewe wana NOS3, mfumo wa wazi wa kuigiza setilaiti ndogo, na cFS, programu yao ya kuendeshea vyombo vya angani, inakimbia hivyo hivyo kwa Linux. Walijengea setilaiti ya STF-1 iliyorushwa 2018. Utaona siku nzima inaisha kabla hujamaliza mahamri yako.

MzeeWaNgomeni
Kijana, njia hiyo si mbaya, ila iseme yote. Ukikusanya kwa laptopu unajaribu mantiki tu. SPARC ikihifadhi namba inaweka baiti kubwa mbele na laptopu inaweka ndogo mbele, kwa hivyo kosa la kupanga baiti kwenye taarifa laweza kujificha lisionekane mpaka siku ya bodi ya kweli. Muda nao ni wa laptopu, si wa prosesa ya setilaiti. Na ule msimbo wenyewe utakaorushwa, baiti kwa baiti, hujaujaribu hata mara moja.

Nawaomba msome ripoti ya ajali ya roketi ya Ariane 5, iliyotokea tarehe 4 Juni 1996. Watu wanakumbuka ile namba ya biti 64 iliyolazimishwa kuingia kwenye biti 16, na ni kweli ndiyo iliyoangusha roketi, lakini wachunguzi walikuta jambo jingine ambalo mie huwaambia vijana kila nikipata nafasi. Katika majaribio ya kuigiza safari nzima, kile kifaa cha kupima mwelekeo hakikuwekwa chenyewe na programu yake, waliweka modeli mahali pake. Programu ilitoka Ariane 4, ilionekana imeshaaminika. Modeli haikuwa na lile kosa, basi majaribio yote yakapita.

Mie nimekulia upande wa Malindi, nyumbani tukihadithiwa setilaiti ya Uhuru ilivyorushwa pale baharini Ngomeni tarehe 12 Disemba 1970, kwa hivyo nikisikia binti wa Kisauni anaandika simyuleta ya LEON3 mwenyewe moyo wangu unafurahi. Usiitupe kazi yako.

KijanaTudor
Nimekuelewa mzee wangu, hilo la modeli sikuwa nalijua. Kwa mantiki peke yake bado nasimama nalo, lakini kwa tasnifu yake naona si lenyewe.

BintiKisauni
Shukran nyote, mzee Mungu akuweke. Kuhifadhi hali nimeshamaliza jana usiku, imekubali.

Nahodha, nimepima. Sikuamini nikarudia mara tatu. Asilimia 72 ya muda wote prosesa haifanyi kitu, iko kwenye ile kazi ya RTEMS ya kungojea. Nikaenda kuangalia msimbo wake nikakuta inaandika kwenye rejista ya asr19, halafu inarudi, inaandika tena, inarudi. Nikafungua simyuleta yangu, mstari wa asr19 nilikuwa nimeuacha mtupu tangu mwaka jana, nimeandika tu "baadaye". Kisha kama saa 14 zinakwenda kwa soketi ya modeli. Kazi yenyewe ya setilaiti haifiki hata saa tisa.

Nahodha_Nyali
Ndiyo dhana yangu hiyo. Kwa LEON3 kuandika asr19 ni kuilalisha prosesa mpaka interuputi, yaani ishara kutoka kwa kifaa, iiamshe. Wewe umeifanya ihesabu usingizi wake amri moja moja.

Sasa fanya hivi. Ukiona asr19, tazama foleni ya matukio, tafuta tukio la karibu zaidi, iwe taima, iwe baiti inayoingia kwa UART (ule mlango wa mawasiliano), iwe zamu ya modeli, kisha ruka saa ya simyuleta mpaka pale pale. Usiruke zaidi hata tiki moja. Na taima zako zisiwe zinapunguzwa moja moja, thamani yake ipigwe hesabu kutoka kwa saa ya simyuleta pale programu inapoisoma, la sivyo ukiruka zitabaki nyuma.

Kuhusu soketi, unaongea na modeli kila baada ya muda gani?

BintiKisauni
Kila mikrosekunde 100. Niliona ndogo ndiyo salama.

Nahodha_Nyali
Hiyo ni mara 864,000,000 kwa siku moja ya setilaiti. Ni kama feri ya Likoni ivuke na abiria mmoja, ishushe, irudi kuchukua wa pili. Kidhibiti chako cha mwelekeo kinasoma sensa mara ngapi kwa sekunde?

BintiKisauni
Mara nne tu.

Nahodha_Nyali
Basi milisekunde 10 zatosha kabisa na bado una nafasi. Mwili wa setilaiti haugeuki kwa mikrosekunde.

MamaWaProsesa
Naingilia hapo kwa QEMU maanake nimeitumia miaka. Kasi yake haitoki hewani, inachukua kipande cha amri mpaka pale penye kuruka, inakitafsiri mara moja kuwa amri za laptopu yako, inakiweka kwenye kashe, yaani akiba ya karibu, na kikirudi tena inakitekeleza bila kukitambua upya, na vipande vinaungwa kimoja kwa kingine. LEON3 imo tayari. Ila vifaa vyake ni vichache, mabasi na sensa zako utaviandika upya kwa namna yao, na hiyo si kazi ya mwezi mmoja.

Halafu saa. Ukiiacha ilivyo, muda ndani unafuata saa ya laptopu, ukifungua kivinjari pembeni majaribio ya leo hayafanani na ya jana. Lazima uwashe icount, ambapo kila amri inahesabiwa muda wake maalumu, na hapo kasi fulani unairudisha. Interuputi nayo inapokelewa mwisho wa kipande, si katikati. Kwa programu nyingi haidhuru, kwa hii yako yadhuru. Mwaka 1997 chombo cha NASA cha Mars Pathfinder kilikuwa kinajiwasha upya chenyewe huko Mirihi kwa sababu kazi ya cheo cha chini ilishika kufuli ambalo kazi ya cheo cha juu inalingojea, huku ya katikati ikipita. JPL, maabara ya NASA iliyokiendesha, walilipata kosa kwa kulirudia kwenye mfumo wa majaribio duniani mpaka likatokea tena. Simyuleta isiyojali zamu na muda haitakutolea kosa la aina ile.

Ushauri wangu, baki na yako. Ukimaliza usingizi na soketi, ndipo uandike utafsiri wa vipande kwa zile saa chache zilizobaki, na mwendo wa polepole usiufute kamwe, uwe ndio shahidi wa kulinganisha nao. Na kama mwatuma marekebisho ya programu setilaiti ikiwa juu, kumbuka kutupa tafsiri za ukurasa wa kumbukumbu ulioandikwa upya, hapo ndipo nimeona wengi wakianguka.

BintiKisauni
Nimerudi wakuu. Usingizi umekaa sawa mara ya kwanza, nikalinganisha saa sita nzima na ule mwendo wa zamani, hakuna mstari hata mmoja uliotofautiana. Soketi ndiyo imenisumbua. Nilipoweka milisekunde 10, kwenye sekunde ya 4,212 amri moja kutoka kituo cha ardhini ilipokelewa imechelewa, na kuanzia hapo taarifa zote zikaachana. Nimeshinda nayo siku mbili.

Nahodha_Nyali
Wakimbia milisekunde 10 bila kutazama foleni. Zamu iishe kwenye tukio linalofuata au milisekunde 10, lolote litakalotangulia. Baiti ya UART ilifika katikati ya zamu yako ikangojea mwisho.

BintiKisauni
Ni hiyo hiyo! Nimerekebisha, sekunde 4,212 imepita salama na saa 24 zote zimefanana na za zamani. Zimeisha kwa saa tisa kwenye laptopu ile ile.

Mama nimemwambia pesa ya chama aiache. Binamu yangu wa Mwembe Tayari amenipa UPS yake, majaribio ya siku saba nayaanza Ijumaa saa mbili usiku, yakienda vizuri Jumatatu saa tano asubuhi yatakuwa yamemaliza. Utafsiri wa vipande nitauanza huku nikingojea. MamaWaProsesa, nikikwama kwa yale madirisha ya rejista ya SPARC, yale makundi ya rejista yanayopokezana, nitakutafuta hapa hapa.

MamaWaProsesa
Nipo. Anza na vipande visivyogusa save na restore, zile amri za kubadilisha dirisha, hayo madirisha tutayafikia pamoja.