Mjadala: Sayansi ya habari itafiti nini, na mpaka wake uko wapi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Najua hoja hii itawakera baadhi ya niliosoma nao, lakini acha niilete.

Nilipochaguliwa kusoma sayansi ya habari na maktaba, shangazi yangu aliutangazia mtaa mzima kwamba nitakuwa nasoma taarifa ya habari redioni. Nilicheka. Leo naona shangazi aligusa donda. Kiswahili kina habari, taarifa, maarifa na kumbukumbu, kila neno na kazi yake. Bunge lilipotunga sheria mwaka 2022 liliiita ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hakuna aliyefikiria kuandika "habari binafsi". Sisi wenye fani tumebandika neno moja juu ya vyote, halafu tunashangaa watafiti wetu hawajui wachimbe wapi.

Matokeo yake nenda kayaone kwenye rafu ya tasnifu. "Upatikanaji na matumizi ya rasilimali za kielektroniki miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Fulani." Badilisha jina la chuo, badilisha mwaka, hojaji ni ileile. Mapendekezo nayo ni yaleyale: intaneti iongezwe kasi, bajeti iongezwe, watumiaji wapewe mafunzo. Moja ya hizo niliiandika mimi, kwa hiyo sijamsema mtu.

Wanaoikimbia hali hiyo wanakimbilia akili mnemba. Ukitaja katalogi, ile orodha ya kutafutia vitabu vya maktaba, mbele yao unaonekana umetoka makumbusho.

Mimi nasema kazi yetu iko mahali ambapo pande zote mbili zimepapita. Fungua katalogi ya maktaba yenye vitabu vya Kiswahili, andika "mkulima". Kitabu chenye "wakulima" kwenye jina hakiji. Chenye "kilimo" ndiyo kabisa. Mtafutaji wa Kiingereza amezoea kuandika mwanzo wa neno na kuweka kinyota (*) mwishoni, mfumo unamletea ndugu zote za neno hilo. Sisi tukiweka kinyota mwishoni mwa "mkulima" tunapata nini? Mwaka 1980 Martin Porter, Mwingereza, alichapisha kanuni ya kukata viambishi tamati vya Kiingereza, nayo imeenea kwenye mifumo ya utafutaji duniani. Kiingereza hubadilikia mkiani. Kiswahili hubadilikia kichwani, na mara nyingine mkiani pia. Katika tasnifu nilizopitia, hakuna hata moja iliyokaa na mwanafunzi kwenye kompyuta ya maktaba ikahesabu vitabu vinavyompita kwa sababu ya herufi m na w.

Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Data

Mkuu, mfano wako mzuri, ila umejifunga goli. Hiyo ni isimu ya kompyuta. Wapo watu tangu 2019, Masakhane, wanajenga zana za lugha za Kiafrika kwa kujitolea, na sikumbuki wakisubiri kibali cha wakutubi. Nilitoka kwenye fani hii nikajifunza kuandika programu kwa sababu nilichoka kufundishwa namna ya kuandika kadi. Tukiacha majina, fani isiyo na mbinu zake itamezwa tu. Wanahesabu wana hesabu, madaktari wana mgonjwa. Ninyi mna nini? Hojaji?

Mpita Njia

Uzi mrefu huu, nani ana muhtasari?

Mama Katalogi

Kijana, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa.

Nimepanga vitabu miaka 22. Nikueleze tuna nini. Kinakuja kitabu cha Kiswahili kuhusu unyago. Kimeandikwa hapa, msomaji wake yuko hapa. Mimi ninatakiwa nikipe kichwa cha mada, yaani neno la kukitafutia, kutoka orodha ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, na orodha inanipa "Puberty rites". Kungwi hayumo. Somo hayumo. Binti anayetaka kitabu hicho lazima kwanza akifikirie kwa Kiingereza cha Washington, ndipo kabati limjibu kwa Kiswahili. Hiyo programu yako itakata viambishi vizuri sana, itafika mwisho wa safari na kukuta neno "unyago" halipo kwenye rekodi. Nani atakuwa ameliweka?

Fasihi yetu nayo nchi nzima imepewa kijumba kimoja kwenye Dewey, mfumo wa namba za kupanga vitabu, 896.392, utenzi wa karne ya 18 na riwaya ya juzi humohumo, mpaka mkutubi aamue mwenyewe kugawa. Kuamua huko ndiko mbinu yetu. Hatujaitafiti kwa sababu tuliambiwa ni kazi ya mikono.

Masijala ya Wazi

Ninyi mnaongelea vitabu. Watu huku wanapoteza viwanja.

Nimefanya kazi masijala, ofisi siitaji. Alikuwa anakuja mzee mmoja, kanzu imepauka mabegani, anafuatilia jalada la kiwanja chake. Jibu lilikuwa lile mnalolijua: jalada halionekani, njoo wiki ijayo. Tulilikuta baada ya karibu miaka miwili. Halikuibiwa wala hakuna aliyehongwa. Lilikuwa chini ya jina la mwombaji wa kwanza, kwa sababu ofisi ilibadilisha mtindo wa namba katikati ya njia na hakuna aliyeandika popote kwamba imebadilisha. Mtu aliyejua alikuwa amestaafu. Tulimpigia simu akatuelekeza rafu, hata miwani hakuhitaji.

Sasa umekuja mfumo wa kompyuta. Vijana wakaskani majalada yote yaliyokuwa kwenye kabati siku ile. Lililokuwa juu ya meza ya bosi, au lililopotea kama la yule mzee, halikuskaniwa. Zamani ulikuwa unaambiwa "halionekani", na neno hilo lina matumaini ndani yake. Siku hizi unaambiwa "halipo kwenye mfumo". Mnaona tofauti? Hilo si la isimu wala la programu. Nitafutieni nani analitafiti.

Kijana wa Data

Hapo kwenye "halionekani" na "halipo" umenipata, nakiri. Mama, shikamoo.

Wa Eldoret

Niruhusuni niingie kutoka Kenya. Sisi Chuo Kikuu cha Moi tulikuwa na kitivo cha sayansi ya habari tangu 1988, maktaba, kumbukumbu na uchapishaji wa vitabu chini ya paa moja, kwa hivyo ubishi huu wa mpaka tumeuishi. Mimi naona mnauliza swali dogo mno.

Kabla ya uhuru wa 1963, Waingereza walichagua faili walizotaka zisionwe na serikali mpya. Nyingine zikachomwa, nyingine zikapandishwa ndege. Kwa miaka mingi kila tulipouliza tuliambiwa hakuna kitu. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London wakidai fidia, serikali ya Uingereza ikakubali kwamba ilikuwa na faili kama 8,800 za makoloni yake 37 ya zamani, zimewekwa Hanslope Park, kituo cha serikali hukohuko Uingereza. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Hiyo kesi ilisaidiwa sana na karatasi. Na karatasi zilipatikana kwa sababu kuna waliosoma kumbukumbu zilizobaki, wakaona zinataja faili zilizosafirishwa, wakauliza ziko wapi.

Kusoma pengo ndani ya kumbukumbu. Kijana, uliuliza mbinu yetu ni ipi. Akili unde haiwezi kujifunza kutoka faili ambayo haikupewa.

Mpita Njia

Akili unde ndiyo nini tena? Si mlisema akili mnemba?

Mleta mada

Mpita Njia, leo umechangia kuliko sisi wote. Ni kitu kilekile. Tanzania tunasema mnemba, wenzetu wanasema unde, wengine bandia. Andika moja kwenye katalogi uone kama zile nyingine zinakuja. Mnemba na unde hazina hata herufi za kukata, kwa hiyo kanuni ya viambishi haitakusaidia. Anatakiwa mtu akae chini aandike kwamba hili ni lile.

Kijana ana haki kwenye jambo moja, na sitalikwepa: tumekuwa tukisema "habari" bila kusema tunashika wapi. Claude Shannon, mwanzilishi wa nadharia ya habari, mwaka 1948 alijikomboa kirahisi, alisema maana ya ujumbe haihusiani na tatizo la mhandisi. Sawa, yeye alikuwa na waya wa simu. Sisi maana ndiyo chakula chetu.

Kuna Mfaransa mmoja, mkutubi Suzanne Briet, aliyeandika mwaka 1951 kwamba nyota angani si hati lakini picha yake ni hati. Mfano wake mkubwa ni swala. Akiwa porini si hati. Mvumbuzi akimkuta Afrika, akapelekwa Ulaya, akafungiwa bustanini, akaorodheshwa, profesa akamhutubia na redio ikamtangaza, amekuwa hati. Nilipousoma nikiwa chuo niliuona mfano mtamu. Siku hizi unanikera kidogo. Huyo swala "mpya" alikuwa na jina kijijini kwake, na palikuwa na mzee anayejua anakunywa maji wapi mwezi gani. Yule mzee ni kama mstaafu wa Masijala: rekodi yote iko kichwani, na hakuna mtafiti aliyemfikia na daftari.

Kwa hiyo mpaka wangu mimi ni huu: popote ambapo kitu kipo ila mwenye haja nacho hakioni, pale tuna kazi. Kitabu cha unyago, jalada la mzee, faili za Hanslope. Mtu akifa akiwa hajakiona, hatuna udhuru.

Wa Eldoret

Mpaka mpana huo. Daktari wa macho pia utamchukua?

Kijana wa Data

Na fedha za utafiti? Mfadhili atauliza sampuli ni wangapi. Utamjibu "mzee mmoja na kanzu"?

Masijala ya Wazi

Mjibu jengo moja lina wazee wangapi kila Jumatatu. Aje na kiti chake, benchi limejaa.

Mama Katalogi

Nimewaacha kidogo, nilikuwa na kazi. Kimeingia kitabu kipya cha Kiswahili, kinahusu hiyo mnemba yenu. Namba haina shida, 006.3. Kwenye mada nimeandika mnemba, nimeongeza unde na bandia, ingawa mwongozo hauniruhusu. Nikakipeleka rafuni mwenyewe.

Mwanafunzi wa kwanza kuja kaniuliza, "Mama, mna kitabu cha AI?"