Beziboli: kesho Cubs wanakuja, lainapu (mpangilio wa wapigaji tisa) ya White Sox tuipangeje jamani?

MmatumbiSouthside
Habari za saa hizi wakuu. Nadhani wote mmesikia leo Alhamisi Agosti 8, 2024 kocha wetu mkuu Pedro Grifol kafukuzwa na makocha watatu wameondoka naye, msimu huu tumeshinda 28 tumefungwa 89, yani hata kuandika hizo namba mkono unatetemeka. Juzi tu ndo tumetoka kwenye ule mkosi wa kufungwa 21 mfululizo, kuanzia Julai 10 mpaka Agosti 5, tukashinda kule Oakland 5-1 nikapiga kelele jirani akagonga ukuta, mechi iliyofuata tukafungwa tena kama kawa. Sasa Grady Sizemore ndo anakaimu mpaka msimu uishe na kesho Ijumaa anaanza na Cubs, ile timu nyingine ya Chicago, hapa hapa nyumbani.

Mi nadrive usiku kwahiyo mechi nyingi nasikiliza redioni na nawaambia ukisikiliza redioni ndo unaona ugonjwa ulipo, mtangazaji anasema kuna watu besi (kituo) ya pili na ya tatu hakuna aut hata moja (hajatolewa mtu), mi napunguza mwendo nisikie vizuri, wa kwanza kala straiki tatu katolewa, wa pili kapiga kampira kafupi kakadakwa, wa tatu kala straiki tatu, zamu imeisha bila pointi. Abiria nyuma ananiuliza boss kuna tatizo? Namwambia hamna, ni White Sox.

Kwahiyo mi naomba tujadili lainapu tu, mambo ya tajiri na kuuza timu tuyaache leo. Tangu Tommy Pham auzwe St. Louis naona Nicky Lopez ndo anawekwa wa kwanza, kijana mtaratibu sina ugomvi naye ila hana nguvu kabisa, akifika besi ya kwanza anabaki pale kama mlinzi wa benki. Mi ningekuwa Sizemore kesho ningepanga hivi, Baldwin wa kwanza (dogo kaja Julai hii hii ana njaa na anapiga mikono yote miwili), Luis Robert wa pili sio wa tatu, halafu Vaughn, halafu Benintendi, wa tano yule Miguel Vargas tuliyempata kwa Dodgers, Sheets, Sosa, Korey Lee mdakaji, mwisho Fletcher. Lopez benchi. Nisemeni.

HesabuTupu
Mkuu nimekusoma ila ngoja nikuvunje moyo kidogo. Mpangilio wa nani wa kwanza nani wa tano hauna uzito unaoufikiria. Chukua 162 gawanya kwa 9 unapata 18, ndo maana yake kila mtu akipanda nafasi moja kwenye lainapu kwa msimu mzima anaongezewa zamu kama 18 za kupiga, na huo ni msimu mzima. Sisi zimebaki mechi 45. 45 kwa 9 ni 5. Zamu tano!! Yani hata ukimtoa Vargas nafasi ya 9 ukampeleka ya 2 umemuongezea zamu 35 mpaka mwisho wa Septemba, kwa timu inayopiga hivi hizo zamu 35 sana sana zitakupa watu kumi kufika besi.

Kinachobadilisha mambo ni NANI yupo kwenye wale tisa. Angalia Maldonado yule mdakaji, mpaka wanamuacha alikuwa anapiga .119 (kama mara 12 tu kwa kila 100) na alikuwa bado anapangwa, hapo ungemuweka wa kwanza ungemuweka wa tisa ni shimo lile lile.

MmatumbiSouthside
Sawa mwalimu wa hesabu lakini hujanijibu la Robert. Jamaa mwaka jana kapiga homurani (mpira unaovuka uzio) 38 na msimu huu karudi Juni baada ya kuumia nyonga, ukiwa na mtu mmoja tu anayetisha unamsubirisha nafasi ya tatu ili iweje, mara ngapi wawili wa mbele wameshatoka anakuja kupiga peke yake besi tupu?

HesabuTupu
La Robert nakubaliana na wewe, mpigaji wako bora aende wa pili, hilo wengi wa hesabu wanalisema siku hizi. Ila usisahau Robert mwenyewe mwaka huu sio yule, anakimbilia mipira iliyoko nje kabisa kama anafukuza kuku.

Babu_Konerko
Vijana shikamooni wenyewe kwa wenyewe. Mimi nipo Chicago tangu mwaka 1999 na nimeiona 2005 tulipochukua kombe kwa macho, HesabuTupu usituambie mpangilio hauna maana. Kabla ya msimu ule walimtoa Carlos Lee, mtu wa homurani, wakamchukua Scott Podsednik mtu wa mbio, kila mtu akasema wamechanganyikiwa. Kocha Ozzie Guillén akamuweka wa kwanza, Iguchi yule Mjapani wa pili, kazi ya Iguchi ilikuwa kuvumilia tu mipira ipite ili mwenzie aibe besi, yani akimbilie inayofuata bila mpira kupigwa. Kaiba 59 mwaka ule! Anapata besi, anaiba ya pili, Iguchi anagonga kidogo upande wa kulia, huyo yupo ya tatu, anakuja Dye anakuja Konerko, pointi moja hiyo na hakuna aliyepiga mpira wa maana. Pitcha (mrushaji) wa watu anatoka jasho iningi (awamu) ya kwanza. Na huyo huyo Podsednik ambaye msimu wa kawaida mzima hakupiga homurani hata moja ndo aliyemaliza mechi ya pili ya fainali kwa homurani, nilikuwa kwa rafiki yangu Bridgeport tukamwaga sufuria la pilau chini, na pilau ile ilikuwa ya watu kumi.

Halafu mmesahau kitu. Sizemore enzi zake Cleveland alikuwa nani? Wa kwanza kupiga! 2008 homurani 33, besi za kuiba 38, kabla magoti hayajamuangusha. Mtu kama huyo anajua wa kwanza anatakiwa afanyeje kuliko sisi wote hapa. Mpeni muda.

HesabuTupu
Shikamoo babu 😂 ila na wewe unaficha nusu ya hadithi. Timu ile ya 2005 mbali na mbio ilikuwa inapiga homurani balaa, na pitcha wake wanne (Buehrle, Garland, Garcia, Contreras) walimaliza mechi nne mfululizo wenyewe bila kubadilishwa dhidi ya Angels. Ungemuweka hata mimi wa kwanza tungechukua kombe. Leo hii pitcha wa maana ni Garrett Crochet peke yake na wanampa iningi nne tu anatolewa, wanaogopa mkono wake kwasababu alikuwa wa kuingia mwishoni na msimu huu ndo kaanza kuwa wa kuanza mechi.

Babu_Konerko
Marahaba. Mbio hazikuumiza lakini.

Njoro_Wrigley
Wasee wa South Side poleni sana, mimi kesho nitakuwa hapo na jersey yangu ya blue ya Cubs msinipige. Lakini manze hii mnafanya ni kama kupanga abiria kwa matatu imekosa injini, huyu akae mbele huyu akae nyuma, na gari haisongi. Dylan Cease mliuza Machi, Fedde na Kopech na Pham mkauza siku moja, DeJong akaenda, Eloy akaenda, sasa mnaulizana nani apige wa kwanza. Si mpange tu kwa alfabeti.

MmatumbiSouthside
Njoro nyie wenyewe mnafungwa kuliko mnavyoshinda na kocha mnamlipa dola milioni 40, nyamaza.

Njoro_Wrigley
😂😂 hiyo imeniuma. Lakini 28-89 buda. Ishirini na nane.

Azania_Besi2
Wakuu naandika toka Dar, mi nimecheza beziboli shuleni, wanaojua wanajua pale Azania Wajapani wametusaidia kujenga uwanja, nilikuwa besi ya pili. Sijui kama mtanisikiliza sisi wa huku ila kuna kitu kwenye hiyo lainapu ya Mmatumbi sijakipenda. Benintendi, Sheets, Fletcher, wote watatu wanapiga kushoto. Cubs wana Imanaga na Steele, mapitcha wa kushoto wote. Wakimleta mmoja wao kesho au keshokutwa hao watatu wataona mpira unatokea nyuma ya mgongo wao, mi nilikuwa napiga kulia ila tulikuwa na mshikaji wa kushoto akikutana na pitcha wa kushoto alikuwa anaruka nyuma kila mpira kabla haujafika, mwalimu wetu akawa anamsimamisha na kumrushia mipira ya tenisi mia kila jioni mpaka aache kuruka. Alikuja kuacha lakini ilichukua muhula mzima!

Kwahiyo ningeuliza kwanza anayerusha ni nani ndo nipange. Akiwa wa kushoto Sheets akae. Nani achukue nafasi yake sijui, ila akae.

MmatumbiSouthside
Aisee Dar mmenifurahisha, hilo sikulifikiria kabisa. Sawa Sheets anakaa. Benintendi je, mtu wa dola milioni 75 unamkalisha?

Azania_Besi2
Hela si washamlipa, akikaa akisimama ni zile zile.

MamaZuu
Nipo zamu ya usiku wodini huku nawasoma kwa kuibia, nacheka mpaka mgonjwa kaniuliza nesi unasoma nini. Wanaume hamchoki. Mie nauliza swali la kijinga, hivi shida kubwa ni kushinda au ni kukwepa aibu? Maana nasikia kuna rekodi ya Mets wa 1962 walifungwa 120 na sisi tunaifuata mbio. Kama ni kukwepa hiyo basi pangeni watu wazima wenye uzoefu hata kama wamechoka, kama ni mwakani basi watoto wacheze wote na tufungwe kwa amani. Huwezi kutaka vyote viwili kwa lainapu moja.

HesabuTupu
Dada hilo ndo swali lenyewe wala sio la kijinga. Nimepiga hesabu, ili tusifike 120 tunatakiwa tushinde 15 kati ya 45 zilizobaki. Kwa mwendo tuliokwenda nao toka Aprili tutashinda kama 11. Yani tunahitaji mechi nne za ziada tu, sio nyingi, ila hizo nne hazitoki kwa Lopez wala kwa mkongwe yeyote aliyebaki maana wakongwe wenyewe tumeshawauza. Mi ningewaacha watoto. Vargas acheze kila siku, kila siku, asikalishwe hata akikosa kumi mfululizo. Dodgers alikuwa anapangwa leo kesho benchi, mtu hawezi kujua kupiga hivyo.

MmatumbiSouthside
Mi sikubali kabisa kufungwa kwa amani. Dada MamaZuu nakuheshimu lakini mi hii rekodi naiona kila nikiingia kwenye gari. Abiria akiona kofia yangu kwenye dashibodi anaanza kucheka kabla hajafunga mlango, wiki iliyopita mzee mmoja kashuka kaniachia tipu dola 5 kasema hii ni kwa ajili ya timu yako. Nimeipokea, nifanyeje.

Babu_Konerko
😂 Mwanangu ungemrudishia.

MmatumbiSouthside
Babu mafuta bei gani siku hizi?

Njoro_Wrigley
Mimi naenda tu kwa ile milkshake ya Campfire, nasikia ndiyo kitu pekee inashinda huko mwaka huu.

MamaZuu
Ile tamu kweli, ila usiimalize peke yako utalala iningi ya tatu. Hawa mabata (wapigaji) wetu nao nadhani wanaianza kabla ya mechi, wanakula bata tu ndo maana hawaoni mpira.

Babu_Konerko
Turudi kwenye hoja. Mmatumbi, mimi ningekupa nusu ya unachotaka. Robert wa pili, sawa. Vargas asishuke chini ya tano, sawa. Lakini Lopez muache wa kwanza, au basi muweke wa tisa ili lainapu ikizunguka awe mbele ya Baldwin na Robert, maana hana nguvu ila anajua kusubiri mpira mbaya upite, na kwenye timu hii wanaojua kusubiri hawafiki watatu. Baldwin ana wiki tatu tu ligi kuu, ukimpeleka wa kwanza mbele ya watu wa Cubs waliojaa nusu uwanja utamtisha.

HesabuTupu
Lopez wa tisa nimeipenda hiyo babu. Ila ukifanya hivyo nani anakaa kati yake na Sosa na Baldwin? Nafasi za katikati ya uwanja ni mbili tu na besi ya tatu kashachukua Vargas.

Babu_Konerko
Sosa akae.

MmatumbiSouthside
Sosa?? Hapana. Babu hapana. Sosa angalau akiugusa mpira unasikia mlio.

HesabuTupu
Umesema unasikiliza redioni.

MmatumbiSouthside
Hata redioni mlio unasikika bwana! Tena vizuri kuliko kwenye tivii. Jamani, lainapu ikitoka kesho kabla ya mechi nitaiweka hapa. Na nawaambia mapema, nikimuona Lopez wa kwanza tena nazima redio, naweka taarab mpaka asubuhi.

HesabuTupu
Huzimi.

MmatumbiSouthside
Sizimi, ila nitapunguza sauti.