Thurea ya Msikiti: Gumzo la Kikundi cha Ukoo

Shangazi Rukia: Assalaamu alaykum, jamaa zangu. Katika orodha ya vifaa vya msikiti fundi ameandika "thurea moja", na vijana wananiuliza ni kitu gani. Kaka Athumani, tunaomba utufafanulie.

Mjomba Athumani: Waalaykumu ssalaam. Thurea ni taa kubwa inayoning'inia darini, yenye matawi mengi na kila tawi likiwa na globu yake. Asili yake ni neno la Kiarabu thurayya, ambalo kabla ya kuwa jina la taa lilikuwa, na hadi leo bado ni, jina la kundi la nyota zilizosongamana ambazo sisi tunaziita kilimia. Neno hilo huhusishwa na mzizi wenye maana ya wingi, na ndiyo maana kwa maoni yangu taa moja pekee, hata iwe kubwa namna gani, haistahili kuitwa thurea.

Salma: Shikamoo Mjomba. Kwa hiyo wahenga wetu walikuwa na jina lao la nyota hizo?

Mjomba Athumani: Marahaba, mwanangu. Ndiyo, kilimia limetokana na kulima, kwa kuwa wakulima walizitazama nyota hizo wapate kujua majira, na hata Waxhosa wa Afrika Kusini huziita isiLimela. Wahenga walisema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua."

Idi: Shikamooni wakubwa. Na kandili je? Mimi nilikuwa nikiziita zote kandili.

Mjomba Athumani: Marahaba. Kandili ni taa moja. Waarabu husema qindil, neno lililowafikia kupitia Kiyunani kutoka candela ya Kilatini, na candela hiyo hiyo ndiyo iliyowapa Wafaransa chandelier, jina ambalo Waingereza nao wanaitia thurea. Mnaona basi kwamba kandili ina undugu na jina hilo la Kizungu, ilhali thurea haina.

Bibi Mwanaisha: Wajukuu zangu, zamani taa za msikitini zilikuwa bilauri za kioo, maji chini na mafuta ya nazi juu, utambi ukielea katikati. Someni Sura ya An-Nur, aya ya 35: taa imo ndani ya kioo, na kioo hicho ni kama nyota ing'aayo. Kwangu mimi, taa kuitwa kwa jina la nyota ni jambo linalopendeza sana.

Shangazi Rukia: Ahsante sana, Mama. Basi orodha isomeke "thurea moja ya katikati na kandili nne za barazani". Idi, mwambie fundi aikague boriti kabla hajaining'iniza, maana thurea ya shaba ni nzito.