Tupeane uzoefu: mkikosana na mpendwa kanisani, mnapatanaje?

Mwanzisha uzi, Kampala
Bwana asifiwe wapendwa. Mahubiri ya kusamehe tumeyasikia ya kutosha. Kinachotushinda ni namna yake: nani aanze, aseme nini, pesa irudi vipi, wazee waingie lini. Msilete visa vya majirani wala majina ya watu. Leteni kinachofanya kazi, na kinachoharibu.

Mzee wa kanisa, Busia
Shalom. Nianze na hilo la nani aanze. Mathayo 5:23-24 inamtuma aliyekosa: aache sadaka madhabahuni, aende kwanza. Mathayo 18:15 inamtuma aliyekosewa. Kwa hiyo "nangoja aje yeye" haina andiko upande wowote. Wote wawili walitakiwa wakutane njiani.

Mathayo 18 inaendelea kwa hatua: wewe na yeye peke yenu, kisha na mmoja au wawili, kisha kanisa. Siku hizi watu huanzia ya mwisho, tena kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Mtu akishasomwa na watu themanini hakubali kosa tena, anabaki kujitetea.

Hatua ya kwanza iwe uso kwa uso. Simu itumike kuomba nafasi tu: "Nina neno nataka tuongee wawili, Jumamosi baada ya mazoezi utapata nafasi?" Usitaje neno lenyewe kwenye simu. Mkae pasipo na masikio, si steji ya boda wala mlangoni kwa mchungaji. Usibebe soda wala sukari, maana zawadi ikitangulia neno humfunga mwenzako mdomo. Leta jambo moja. Ukifungua na ya mwaka juzi, umefungua kesi.

Na ile ya "jua lisichwe" (Waefeso 4:26) wengine huifanya amri ya kugonga milango saa nne usiku. Inazuia kulala na uchungu, haikuamuru kumaliza shauri usiku huo huo. Lala, nenda kesho.

Mama wa Umoja wa Akina Mama, Jinja
Asante mzee. Mimi niseme juu ya maneno yenyewe, maana hapo ndipo penye mwiba. Neno linalouharibu msamaha ni "kama". "Kama nimekukwaza, nisamehe" maana yake mimi sioni kosa, wewe ndiye mwepesi wa kuumia. "Tusameheane" nalo ni hivyo hivyo likisemwa na aliyekosa: anagawa kosa nusu kwa nusu kabla hajalitaja.

Kutubu kunakosikika kuko hivi: "Jumapili ile baada ya ibada niliwaambia akina mama watatu kwamba umekula pesa ya sare. Sikuwa na ushahidi. Nilikosa. Wote watatu nitawaendea kabla ya Jumapili ijayo, niwaambie nilisema uongo. Naomba unisamehe." Kosa limetajwa, waliosikia wamehesabiwa, marekebisho yana siku yake. Halafu nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe". Akilia, mwache alie. Akisema "nipe muda", mpe, na usiende kumshtaki kwamba hasamehi.

Mweka hazina wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya kanisa, Malaba
Mama amegusa pesa, nami naendelea hapo. Ugomvi mwingi unaoitwa wa kiroho ni wa deni. Kusamehe na kulipwa ni mambo mawili, na aliyekosewa ana haki ya kusema "nimekusamehe, na pesa yangu naidai." Hesabu 5:7 inataka kilichochukuliwa kirudi chote na sehemu ya tano juu yake: umechukua shilingi 500,000, unarudisha 600,000. Zakayo alijipandishia hadi mara nne.

Kinachoharibu ni ahadi kubwa ya siku ya machozi. Mtu analia, anaahidi kulipa yote mwisho wa mwezi, akishindwa anaanza kukwepa ibada, na sasa kuna makosa mawili. Heri 50,000 kila mwezi kwa miezi 12 ambayo inafika kweli. Andikeni nakala mbili, na shahidi mmoja kila upande. Alipe kwa simu, ujumbe wa malipo ubaki kama risiti. Msiandike "nitalipa Mungu akinijalia", andikeni tarehe.

Mlokole, Kabale
Tukutendereza! Huku uamsho wa miaka ya 1930 ulituachia desturi ya kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7. Watu waliungama hadharani na kurudisha vilivyoibwa. Ina nguvu, lakini ina sheria yake: ungama dhambi yako, usiungame ya mwenzako. "Namshukuru Yesu ameniondolea chuki niliyokuwa nayo juu ya dada fulani kwa vile alivyonitendea" si ushuhuda, ni mashtaka yaliyovaa kanzu.

Pia watu huchanganya kusamehe na kurudi kukaa pamoja. Askofu Festo Kivengere alivuka milima usiku kwa miguu kuingia Rwanda mwezi Februari 1977, siku chache baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16. Alitangaza kwamba amemsamehe Idi Amin, rais wa wakati huo ambaye utawala wake ulimuua Luwum. Hata hivyo hakurudi nyumbani hadi Amin alipoangushwa mwaka 1979.

Katekista, Gulu
Kwetu Wakatoliki, padri akikuondolea dhambi katika kitubio, deni la jirani bado liko: uliiba, rudisha, ulichafua jina, lisafishe. Wengi huishia kwa padri.

Waacholi wa huku wana mato oput, desturi ya kupatanisha koo baada ya mauaji. Watu hufikiri ni kunywa tu mizizi michungu kwenye kibuyu kimoja. Kunywa ni mwisho. Kwanza koo mbili hutengana, hazili pamoja, wapatanishi wanakwenda na kurudi, ukweli unasemwa, fidia inalipwa. Kanisani sisi huanza na kibuyu: "shikaneni mikono tuombe", na hakuna aliyesema kilichotokea.

Muuguzi, Arua
Naomba mpaka uwekwe. Mtoto akiharibiwa, mwanamke akibakwa au kupigwa, hilo halikaliwi na wazee wala mwenyekiti wa kijiji (LC1) sebuleni. Hospitali kwanza, ndani ya saa 72 kwa sababu ya dawa za kuzuia VVU, na mapema zaidi ndiyo bora. Kisha polisi. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kupimwa. Anayekuja na mbuzi ili kesi iondolewe hajaja kupatana.

Mwanzisha uzi, Kampala
Asante dada, hilo lisimame kama lilivyo. Swali moja, mzee wa Busia: umekwenda peke yako, umekwenda na wawili, mwenzako hata salamu haitikii. Meza ya Bwana inakaribia. Unakaa pembeni?

Mzee wa kanisa, Busia
Warumi 12:18 inasema "kwa upande wenu". Kama upande wako umekwisha, kosa umelitaja na cha watu umerudisha, nenda mezani. Jumapili msalimie kama kawaida, kwa jina lake, bila kungoja jibu.