Gumzo la Majirani: ule moshi wa betri

Mama Faiza: Assalaam aleikum majirani. Nani mwengine hakulala? Moshi wa ile yadi ya betri kuukuu umeanza saa nane usiku. Faiza kakohoa mpaka alfajiri. Nimepangusa meza, kitambaa kimetoka kijivu.

Baba Salim: Waaleikum salaam. Hata kwetu. Tuwaombe wayeyushe mchana, watoto wakiwa shule.

Bi Mwanaisha: Usiwaombe hilo, mwanangu. Usiku au mchana, wanachoyeyusha ni risasi ile ile, metali ya sumu iliyomo ndani ya betri. Mmesahau kile kijiji cha Owino Uhuru, hapo Jomvu, Mombasa? Kile kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza 2007, kikafungwa 2014. Maji machafu yakipita chini ya ukuta hadi milangoni kwa watu. Kuku wakifa, mabati yakitoboka, wanawake mimba zikiharibika. Phyllis Omido, yule mwanaharakati aliyewapigania, alikuwa ameajiriwa palepale. Mwanawe akaugua, ikadhaniwa malaria, ikadhaniwa homa ya matumbo, mpaka damu ilipopimwa risasi.

Baba Salim: Si walilipwa?

Bi Mwanaisha: Mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe, na watoto wale sasa ni watu wazima.

Omar: Shikamoo Bi. Mimi nina wiki tatu nafanya kazi pale yadini. Sikuwa na pengine.

Bi Mwanaisha: Marahaba mwanangu. Hakuna anayekulaumu.

Dada Riziki (nesi): Omar, ukitoka kazini unavua nguo wapi?

Omar: Nyumbani. Mdogo wangu hunikimbilia mlangoni, nambeba na ovaroli yangu.

Dada Riziki (nesi): Usimbebe tena kabla hujaoga. Ovaroli isiingie ndani, wala isifuliwe na nguo zake. Vumbi lile linamshika mikononi, kisha vidole vinaingia mdomoni. Mwili wa mtoto hufyonza risasi mara nne au tano kuliko wetu, na inaharibu ubongo. Hakuna kiasi kidogo kisichodhuru. Nanyi wengine, pangusa sakafu kwa maji, msifagie kukavu. Watoto waoshwe mikono kila kabla ya kula.

Mama Faiza: Nimpeleke wapi wangu?

Dada Riziki (nesi): Tuende pamoja hospitali kubwa kesho. Uliza kipimo cha risasi kwenye damu kwa jina lake, kile cha malaria hakikionyeshi.

Baba Salim: Mimi naandika barua leo kwa NEMA, wale wa serikali wanaosimamia mazingira. Nileteeni picha za moshi, na saa mlizoziona.

Omar: Za ndani ninazo. Dada, na mimi nipimwe?

Dada Riziki (nesi): Na wewe, na mamako, na mdogo wako. Saa mbili asubuhi, stejini.