MREJESHO: Masoprano wanaokaba koo kwenye noti za juu

Wakuu, habari zenu. Niliwahi kuuliza hapa nifanyeje na masoprano (waimbaji wa sauti ya juu ya kike) ninaowafundisha, maana wakifika noti ya E ya juu walikaba koo, na baada ya mazoezi sauti zikawa zinakauka. Niliuliza pia mwalimu anajiendelezaje akiwa kazini. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Zoezi la mrija ndani ya maji limefanya kazi kuliko yote. Glasi yenye maji, mrija umezama sentimita 2 au 3, unaimba "uu" ukipanda na kushuka huku mapovu yakitoka bila kukatika. Msukumo unaorudi mdomoni huzipa nyuzi za sauti nafuu, zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu. Sasa tunaanza nalo kila zoezi.

Zoezi la kubadili irabu kwenye noti za juu nalo limesaidia. Kwenye "milele", ile "le" ya mwisho ikiwa juu, taya linashuka na "e" inasogea kuelekea "a". Bado wawili wanakaba, tunaendelea nao.

Masomo yangu ya kujiendeleza mtandaoni yamekwenda nusu nusu. Nadharia nimeielewa vizuri, ila kuimba na piano ya mwalimu haikuwezekana, sauti inachelewa. Nimemwomba anirekodie piano kwanza.

Aliyesisitiza daktari wa koo, Mungu akubariki. Binti mmoja amekutwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti. Amepumzishwa kuimba na anapata tiba ya sauti. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, mpelekeni mtu hospitali.