Kiapo cha urithi kimerudishwa, kijana yuko Tanga, na mkataba wa mafuta una tarehe

Mama Neema, Katy:

Wadau, wakubwa shikamooni, wengine poleni na kazi. Naomba msaada wa haraka.

Marehemu mume wangu, mnajua, alikuwa mzaliwa wa hapa hapa Texas. Babu yake aliuza shamba miaka ya 1950 lakini haki za madini akazibakiza, zikateremka mpaka kwa mume wangu: NMA 20 (ekari halisi za madini) ndani ya sekisheni, yaani kipande cha ekari 640, bonde la mafuta la Permian. Hakuacha wosia. Sasa kampuni inataka kuchimba na imeleta mkataba: miaka 3, mrabaha (fungu letu la mauzo) 3/16, bonasi ya kusaini kwa drafti (hati ya kulipwa baadaye kupitia benki). Wakala wao ananipigia kila nikitoka kazini.

AOH, yaani kile kiapo cha kutaja warithi, niliituma kwa karani wa kaunti, leo bahasha imerudi. Ndani wamebandika kikaratasi cha manjano: hii ni nakala, leta asili. Kumbe nilitia fotokopi. Yenye sahihi za wino nimeikuta kwenye droo ya jikoni, chini ya bili za maji. Nimekaa chini pale pale nikalia. Miezi minne nilihangaika kumpata shahidi wa pili aliyewajua wazee wa mume wangu, bibi wa miaka 86 ambaye mkono unamtetemeka.

Swali langu ni moja. Mwanangu mkubwa yuko Tanga kwa bibi yake. Wakala anasema naye lazima asaini mbele ya notari kabla mwezi haujaisha. Je, wakili wa pale Tanga anatosha, au mpaka aende ubalozini Dar? Nani ameshapitia hili?

Baba Salim, Midland:

Pole sana dada. Kabla ya notari, hiyo 3/16 usiisaini! Huku watu wanadai 1/4 na wanapewa. Piga hesabu: 20 gawanya kwa 640, zidisha kwa 3/16, unapata 0.005859375. Kwa 1/4 ni 0.0078125. Kisima kikiuza mafuta ya dola milioni moja, tofauti yenu ni dola 1,953, na hiyo ni milioni moja tu.

Halafu soma habari ya gharama. Kama hakuna kifungu kinachozuia, watakukata gharama za kusafirisha na kusafisha gesi mpaka hundi ibaki mifupa. Na dai kifungu cha kina, cha kurudishiwa tabaka za chini wasizozichimba. Wakichimba tabaka la Bone Spring peke yake, miaka 3 ikiisha tabaka la Wolfcamp lililo chini yake lirudi kwenu.

Mke wangu ni mwenyeji wa huku. Bibi yake alisaini kwa 1/8 zamani hizo, na mpaka leo ni HBP (mkataba umeshikiliwa na uzalishaji) kwa sababu ya pampu moja inayoinua kichwa na kuinamisha taratibu kama punda mzee kisimani. Napita hapo na lori kila wiki. Miaka 3 ya kwenye karatasi si miaka 3, dada. Mafuta yakitoka hata kidogo ya kulipa gharama, mkataba unaendelea.

Shangazi wa Dallas:

Baba Salim, mwenzako kauliza notari. Ila kuna jambo hamjaligusa, nami kazi yangu ni kupanga mafaili ya mirathi kwa mawakili, naliona kila siku. Mama Neema, mali aliyorithi mumeo ni yake peke yake, si ya ndoa. Kwa kuwa hakuna wosia na watoto wapo, sheria ya Texas inakupa wewe theluthi moja ya kutumia maisha yako yote. Theluthi mbili ni za watoto sasa hivi, na ya kwako itawarudia wao. Watoto wote, hata wa nje ya ndoa yenu. Je, alikuwa na mtoto mwingine?

Na hao mashahidi wawili wasiwe na fungu kwenye urithi. Kiapo chenyewe hakihamishi umiliki. Kikikaa miaka 5 kwenye kumbukumbu za kaunti, ndipo sheria inakichukua kuwa ushahidi wa kutosha mpaka mtu akipinge.

Mama Neema, Katy:

Shangazi, umenigusa penyewe. Ana binti kwa mke wa kwanza, yuko Oklahoma. Hatujazungumza tangu mazishi. Kwenye kiapo nimemwandika, nisingeweza kumficha, baba yao ni mmoja. Namba yake ninayo ila kila nikiishika simu mkono unakuwa mzito.

Mwenzenu wa Columbus:

Tahadhari na huyo kijana wa Tanga. Akiwa nje ya Marekani watamkata kodi ya asilimia 30 juu kwa juu. Ajaze fomu ya kodi ya W-8BEN mapema. Mimi binamu yangu walimkata hivyo mwaka mzima.

Shangazi wa Dallas:

Si kweli kwa huyu! Kama ni raia, anajaza fomu ya W-9 hata akiwa mwezini, na 1099 (taarifa ya mapato yake) itamfuata huko huko. W-8BEN ni ya asiye raia wala mkaazi. Tafadhali tusiwajazishe watu fomu za kubahatisha, kuzirekebisha kunachukua miezi.

Mwenzenu wa Columbus:

Nimesema yaliyompata binamu yangu. Sijasema mimi ni wakili.

Mzee wa Likoni, Minneapolis:

Hamjambo nyote. Nasoma haya nikiwa nimekaa dirishani, nje theluji imefika magotini, na moyo wangu uko mbali. Mwanamke ana ekari 20 za chini ya ardhi na kampuni yambembeleza kwa simu! Kwetu Kenya kilicho chini ni cha serikali, awe nani aliye juu. Turkana mafuta yalionekana 2012, na Juni 2018 malori yakaanza kuyateremsha hadi Mombasa. Mchungaji aliyelisha mbuzi juu yake hakuwa na karatasi ya kusaini. Sheria ya mafuta ya 2019 yawapa wenyeji asilimia 5.

Baba Salim, Midland:

Mzee shikamoo. Asilimia 5 ya fungu la serikali, si ya mafuta yote. Kaunti 20, wenyeji 5, serikali kuu 75. Sisi Mtwara, Tanzania, mwaka 2013 watu waliandamana gesi isibebwe kwenda Dar, na bomba likajengwa. Mimi ni wa kule, na kila nikipita kwenye visima vya huku usiku, taa zinawaka mpaka upeo wa macho, namkumbuka mama yangu na kibatari chake.

Mama Neema, Katy:

Na huko Tanga aliko kijana ndiko bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linakoishia, Chongoleani, kilomita 1,443. Mama ananiambia fidia ni kwa ardhi, nyumba na mazao. Minazi inahesabiwa mmoja mmoja.

Shangazi wa Dallas:

Jamani, turudi kwa mwenzetu, tarehe inakimbia. Mama Neema, drafti ile si hundi. Ina maneno ya siku 30 za benki na masharti ya kukagua umiliki. Wakikuta kasoro hawailipi, na wewe mkataba umeshausaini. Usiukabidhi mkataba wa asili kabla pesa hazijaingia. Na mpigie binti simu leo, kabla wakala hajamfikia yeye kwa bei nyingine.

Mama Neema, Katy:

Nimempigia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama bado nina lile koti la baba yake la kahawia. Ninalo. Anakuja Jumamosi, tutausoma mkataba pamoja mezani. Wakala nimemwambia 1/4 na kifungu cha gharama, akasema ataniletea jibu. AOH ya asili nimeituma tena asubuhi.

La notari wa Tanga bado sijalipata. Kijana kachoka kusubiri, amepanda basi la saa kumi na mbili alfajiri kwenda Dar, bibi yake kamfungia mikate ya kumimina.

Mwenzenu wa Columbus:

Ameweka miadi? Ubalozini hawapokei mtu wa notari bila miadi ya mtandaoni, na kila muhuri ni dola 50. Mwambie asisaini kitu chochote ndani ya basi, asaini pale dirishani mbele yao.